Nani atanitungia uzi sasa?

Shikamoo Shangazi,

Majibu yako nayasoma siku nyingi, na kila nikitaka kuandika najizuia. Wenzangu wanaandika wamepigwa, wameachwa, wamedhulumiwa mirathi. Mimi mume wangu ni mpole, deni sina, na watoto wangu Alhamdulillah hawajanitia aibu. Lakini Jumatano iliyopita nilikaa sakafuni nikalia kwa sababu ya sindano ya mkono, nikaona bora nimwambie mtu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 46. Nashonea barazani kwangu: sare za shule, madera, na nguo za harusi msimu ukifika. Nina watoto watatu. Binti wa kwanza ana miaka 22, yuko chuo Dodoma, na likizo hii hakurudi kwa sababu yuko field huko huko. Wa pili ni mvulana wa miaka 19, amemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, sasa yuko JKT Mafinga na sauti yake naisikia kwa nadra. Wa mwisho ni msichana wa miaka 15, yuko kidato cha pili, na tangu Januari tumempeleka bweni.

Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa akinitungia uzi. Huu ni mwaka wa tatu macho yangu hayaoni karibu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alinitungia sindano sita, nyeusi tatu na nyeupe tatu, akazichomeka kwenye kipande cha sponji pembeni ya cherehani. Likizo ya mwezi wa sita alikaa jioni moja akanitungia thelathini. Jumatano ile ndiyo niliyotumia ya mwisho. Nikajaribu mwenyewe, nikasogeza sindano mbali, nikaisogeza karibu, nikalamba uzi, nikatoka nao juani. Karibu nusu saa, Shangazi. Ndipo nikakaa chini.

Mwili wangu nao siuelewi. Usiku naamka shuka limelowa, kama mtu mwenye homa, halafu baridi inanishika. Siku zangu zimevurugika. Mwezi wa nne sikuona kitu, na wa tano vilevile. Nikasema nina mimba. Nakuambia kitu ambacho hata mume wangu hakijui: nilifurahi. Siku kumi nilitembea na furaha yangu peke yangu. Nikafungua kabati nikatoa nguo za kichanga nilizomshonea yule wa mwisho, nikazinusa. Siku ya kumi na moja nikanunua kipimo cha mkojo, hakuna kitu. Wiki moja baadaye damu ikaja nyingi, kama inanikomoa.

Nilimpigia mama yangu, yuko Pangani, ana miaka 71. Nikamuuliza yeye alifunga akiwa na umri gani. Akanijibu, "Mambo hayo hayaulizwi kwenye simu," akabadilisha maneno.

Kuna na mengine. Binti yangu wa chuo nilikuwa nampigia kila siku saa mbili usiku. Mwezi uliopita akaniambia kwa adabu tu, "Mama, usijisumbue kupiga kila siku, nitakuwa nakupigia mwenyewe." Anapiga, lakini si kila siku, na mimi nakaa na simu mapajani. Tena huyu huyu, Idi ya mfungo mosi alipokuja, nilikuwa nimejishonea gauni la kitenge, limebana kiunoni, mikono ya marinda, mshono nilioutamani tangu usichana. Akaniangalia akasema, "Mama, hilo si la umri wako." Akacheka, na mimi nikacheka. Usiku nikalikunja nikaliweka chini kabisa ya kabati.

Mume wangu ana miaka 52, yuko bandarini, siku hizi anazungumzia kustaafu kwa hiari akifika 55. Baada ya isha anakwenda kukaa na wenzake, anarudi saa nne. Mara mbili amesema chumba cha watoto tukipangishe. Mara ya pili nilimjibu vibaya, na mimi si mtu wa kumjibu vibaya mume wangu. Vitanda vya mle nimevitandika, na mashuka nabadilisha kila Ijumaa ingawa hakuna aliyelala. Wali bado napika kilo nzima. Kiporo tunakila asubuhi, kinachobaki nampa jirani mwenye kuku.

Tangu nina miaka 24 siku yangu inaanza kwa kumwamsha mtu. Sasa nikiamka alfajiri, nikisha kusali, nakaa kitandani sijui nianzie wapi.

Nakuuliza mawili. Nijaribu kuzaa tena kabla mlango haujafungwa? Na kama ni hapana, huku kuwa mtu mzima mtu anakuanzaje?

Mama wa watatu, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Sindano nitaiacha mwisho. Kwanza zile siku kumi.

Hazikuwa wazimu, wala usizionee haya. Mwanamke aliyenusa nguo za kichanga akafurahi ni mwanamke aliyependa kazi yake ya kulea, na aliifanya vizuri. Furaha ile ilikuwa ya kweli hata kama mimba haikuwepo, na msiba uliofuata nao ni wa kweli. Umeuficha peke yako miezi miwili. Ungekuwa karibu ningekuja nikukalishe.

Sasa mwili. Unachopitia ni kipindi cha kuelekea kukoma hedhi. Ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na hazipunguzi kwa utaratibu. Mwezi huu zimelala, mwezi ujao zimeamka, ndiyo maana damu ikaruka miezi miwili ikarudi kwa vishindo. Lile joto la usiku, usingizi wa kukatika, hasira zisizo na mlango zinatoka hapo hapo. Inawezekana hata lile jibu ulilompa mumeo lilitoka kwa mtu ambaye hajalala vizuri wiki tatu. Wanawake wengi hufunga kati ya miaka 45 na 55, na mivurugiko hutangulia miaka kadhaa. Mtu huhesabiwa amefunga akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Wewe bado. Kwa hiyo mimba inaweza kuingia, ingawa nafasi yake imekuwa ndogo, na kama hamuitaki msiache uzazi wa mpango kwa kudhani mmeshavuka.

Je, muitake? Umeniuliza wazi, nami nakujibu wazi: hapana. Katika umri wako mimba huharibika mara nyingi zaidi, na presha na kisukari cha ujauzito huja kwa urahisi zaidi, lakini hilo peke yake lisingenifanya niseme hapana, maana wapo waliozaa salama wakiwa na miaka yako. Ninasema hapana kwa sababu ya ulichoandika chini ya barua. Unamtaka mtu wa kumwamsha alfajiri. Mtoto huyo angezaliwa tayari amepewa kazi. Na akifika miaka 15 wewe una 62, naye atabeba sanduku lake aende bweni, urudi pale pale sakafuni, safari hii na magoti yanauma. Ungeniambia wewe na mumeo mmekaa mkamtamani mtoto kwa ajili yake mwenyewe, ningekutuma kliniki ukapimwe kwanza, nisingekukatalia.

Swali lako la pili ndilo lililoninyima usingizi, maana nami nililiuliza na sikupata wa kunijibu. Nilifunga nikiwa na miaka 49. Sasa nina 63.

Mimi na wewe ni watu wa pwani. Tulipovunja ungo tuliitwa ndani. Somo alikaa nasi, akatufundisha kujisitiri, kujisafisha, namna ya kukaa na namna ya kusema. Tulipoolewa tukaitwa tena. Tulipojifungua, siku arobaini tulikandwa kwa maji ya moto, tukapikiwa, tukafungwa tumbo, na hakuna aliyetuacha peke yetu usiku. Mlango ulipofunguka tulipigiwa ngoma na vigelegele. Unapofungwa, kila mmoja anaachwa aufunge mwenyewe, gizani, akidhani anaumwa. Hili linaniuma sana mwanangu, kwa sababu sisi si watu tusiojua kufundana. Tunajua. Tulikomea njiani tu.

Ndiyo maana usimkasirikie mama yako. Yeye naye hakuambiwa, na maneno ambayo mtu hakupewa hawezi kuyatoa kwenye simu. Panda gari uende Pangani ulale siku mbili. Akiwa anakuna nazi na wewe unachambua mchele, msitazamane usoni, muulize tena. Anza kwa kumwambia yako: shuka, jasho, zile siku kumi kama utaweza. Umri wa mama kufunga mara nyingi haupishani sana na wa binti, kwa hiyo jibu lake lina faida kwako, na siku moja kwa mabinti zako wawili.

Halafu nikupe kazi. Fikiria watu wanaosimama mbele yako kila wiki. Unazungusha futi kiunoni kwa mwanamke, unajua aliyenenepa ghafla, aliyekonda, anayejipepea huku feni linawaka. Daktari haoni unavyoona wewe. Hicho chumba cha watoto, usikipangishe na wala usikigeuze kaburi la mashuka. Acha kitanda kimoja kwa atakayerudi likizo, viwili vitoe, cherehani ihamie ndani karibu na dirisha. Barazani mtu hawezi kukuambia jambo lake mbele ya wapita njia. Ndani, mlango ukifungwa, ataweza. Waite wawili watatu wa umri wako Jumamosi mchana, kila mmoja na kazi yake mkononi, mwenye kusuka ukili asuke, mwenye kudarizi adarizi. Msilifanye chama cha fedha, vyama vya fedha mnavyo vya kutosha. Siku moja mumwalike muuguzi wa kliniki ya karibu aje mumuulize yote.

Muulizeni hasa haya. Presha, maana ikisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara si ya kupuuzwa. Sukari. Na kipimo cha mlango wa kizazi: saratani ya hapo ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu, na vituo vingi vya serikali huchunguza wanawake wa miaka 30 hadi 50 kwa kupaka siki tu na kuangalia, dakika chache. Wewe bado umo. Nenda mwezi huu huu. Ukimwaga damu hadi kubadilisha pedi kila saa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukishafunga miezi 12 halafu damu ikarudi, hata tone, usiseme "labda ujana umenirudia". Nenda.

Mumeo. Mwanaume aliyetaja kupangisha chumba mara mbili anahesabu kitu. Miaka 55 ya hiari iko miaka mitatu mbele, na ya lazima ni 60, na huko katikati ana mtoto chuo, mwingine anayekaribia chuo, na wa tatu ada ya bweni. Huenda anaogopa, na huko anakokwenda baada ya isha ndiko anakokaa na hofu yake. Umeniandikia umri wake na kazi yake, hukuniandikia anawakosaje watoto. Muulize. Jioni mojawapo, kabla hajatoka, mwende Raskazone mkapunge upepo, umwombe samahani kwa lile jibu, umwambie na za siku kumi. Mtoto yule wa kufikirika alikuwa wake pia. Habari ya kodi ya chumba ije baadaye, na uje na hesabu: ukiwa na meza ya kukatia nguo ndani na mwanga wa dirisha, utashona sare ngapi zaidi msimu wa Januari? Wali pika nusu kilo.

Sasa watoto, na hapa nitakuambia jambo ambalo sipendi kulisema. Mwanangu wa mwisho alipata nafasi ya chuo Mwanza, sisi tukiwa Dar es Salaam. Nikamwambia kifua kinanisumbua. Kifua changu kilikuwa kizima. Akabaki, akasoma kozi nyingine asiyoitaka karibu na nyumbani, akaimaliza kwa utiifu. Ni mtoto mwema, hajawahi kunilaumu. Miaka kumi na mitatu baadaye ndipo nilipomwambia ukweli, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekula. Tangu siku hiyo sijampigia simu ya kumtaka aje. Anakuja.

Wewe hujafanya nililofanya mimi. Umekaa na simu mapajani, lakini hukumdanganya binti yako kwamba unaumwa ili akupigie, na majaribu hayo nayajua yalivyo usiku. Mpangie mwenyewe: siku mbili za wiki, saa ile ile ya mbili, zungumzeni kwa kirefu. Na akipiga umwambie ya kwako pia. Mwambie unapanga kuhamisha cherehani. Mtoto aliyezoea kuulizwa tu, "umekula, umelala, umesoma?" hana njia ya kujua kwamba mama naye ana siku yake.

Ulipowashonea sare, ulikuwa unawaachia pindo la akiba kwa chini, sivyo? Inchi tatu, nne, zimekunjwa kwa ndani. Kila mwaka ulilishusha kidogo, na hukulia kwa sababu sketi imerefuka. Ulijua tangu siku ya kukata kitambaa kwamba miguu ile itakua. Hata hizi simu chache, hata hili la field, uliliwekea pindo mwenyewe ulipomsomesha.

Lile gauni litoe kabatini. Binti yako hakukusudia kukuumiza. Kwa umri wake, mama ni kitu kisichobadilika, kama ukuta wa nyumba, na ukuta ukivaa mikono ya marinda unamshtua. Lakini mwambie liliniuma. Mwambie kwa maneno hayo hayo, siku mkiwa mnacheka, ili ajue. Kisha livae. Kama kiuno kimeongezeka tangu Idi, wewe ni fundi, kiachie.

Na kijana wako akirudi kutoka Mafinga, atarudi mweusi, mwembamba, anaamka mwenyewe kabla ya adhana na kitanda amekitandika. Usimtandikie. Mwachie akutandikie wewe, siku moja, uone ladha yake.

Sasa sindano. Hujawa kipofu na hujazeeka kupita wenzako. Ndani ya jicho kuna lenzi inayojikunja mtu akitazama karibu, na kuanzia miaka 40 hivi inakuwa ngumu, haijikunji tena kama zamani. Inampata kila binadamu. Fundi cherehani, fundi saa na mwenye kusoma msahafu wa maandishi madogo hujua mapema, kwa sababu kazi zao ziko karibu na uso. Miaka mitatu umemtumia mtoto badala ya miwani, na ninaelewa kwa nini. Zile sindano sita za asubuhi zilikuwa salamu yenu. Akija likizo mwache akutungie, hata hamsini, lakini usimwachie aende bweni akihesabu kama zitakutosha mpaka arudi. Mzigo huo si wa mtoto wa kidato cha pili mwenye mtihani wa taifa mwaka huu.

Jumatatu nenda kliniki ya macho. Usichukue ile miwani ya kuning'inizwa barabarani kabla hujapimwa, maana jicho la kulia na la kushoto mara nyingi hayalingani, na kwa umri wako wapime na presha ya macho, ambayo huharibu bila kuuma. Nenda na sindano yako na kipande cha uzi mweusi kwenye mkoba. Wakikuwekea lenzi za kujaribia, usiwasomee herufi za ukutani tu. Toa sindano yako, utunge uzi hapo hapo mbele yao, na usikubali kuondoka na namba ambayo haikuonyeshi tundu.

Shangazi